Gari la Rangi ya Majivu

Mama yangu,

Shikamoo. Nimenunua gari! Nilitaka uwe wa kwanza kuambiwa, lakini Kintinku yote imekutangulia, maana baba amepita nyumba kwa nyumba akisema, "Ruti ana gari lake."

Tangu ututoke mengi yamegeuka. Baba amehamia kijiji cha ujamaa, na tembe letu la zamani limebaki kuta tu. Mimi nimemaliza udaktari, nikapangiwa Manyoni. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupata mshahara kama wangu, ndiyo maana kila mtu alikuwa na neno juu ya gari nitakalonunua.

Mjomba Daudi, unamjua kaka yako, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Kulikuwa na mkandarasi anahama, anauza gari refu jeusi lenye viti vya ngozi. Mjomba alisema daktari akishuka kwenye kigari, wagonjwa watadhani na dawa zake ni hafifu. Nisikufiche, Mama, nililitamani. Mkandarasi alituruhusu tulijaribu, nikaliendesha mpaka Kintinku. Kwenye mteremko wa Saranda nilikuwa naimba.

Pale kisimani wanawake walipoliona wakatua ndoo, wakasimama wima kama wanaokaguliwa. Mama Yohana, aliyekuzalisha uliponizaa, akasogea, akainama dirishani. Hakunitambua. Akasema taratibu, "Shikamoo, mheshimiwa."

Mama. Mama Yohana ananiamkia mimi!

Nilishuka nikapiga magoti pale pale vumbini. "Mama, ni mimi, Ruti wa Eliza. Shikamoo."

Alicheka mpaka machozi, akaitikia marahaba. Lakini kabla ya kunishika alijifuta mikono kwenye kanga, mara mbili. Mikono ile iliyonipokea duniani. Hilo liliniuma kuliko ile salamu.

Siku hiyo hiyo nikamrudishia mkandarasi ufunguo. Mjomba hakunisemesha wiki nzima.

Kisha nikasikia kuna mwalimu mmoja anastaafu, anauza gari lake. Nilipoliona tu, moyo ukasema ndilo. Lina rangi ya majivu, fupi kiasi, lina mlango wa nyuma, na kiti cha nyuma kikilazwa mtu mzima ananyooka. Wala si mkweche, Mama. Injini haina kelele, bodi haina kutu, na viti nimevishonea vitambaa mwenyewe. Naliegesha mbele ya wakubwa wa wilaya bila haya. Mjomba alilizunguka, akapiga tairi teke, akasema, "Hili halitutii aibu." Kwa Mjomba, hiyo ni sherehe.

Jumamosi nikashuka nalo Kintinku. Pale kisimani hakuna aliyetua ndoo. Mama Yohana aliniuliza tu kama kuna nafasi ya gunia lake la mtama, maana analipeleka kwa binti yake Manyoni. Tulipakia, naye akapanda. Njia nzima alinisimulia ulivyokuwa msichana, ulivyomtoroka bibi ukaenda kucheza ngoma. Hukuwahi kutuambia hayo! Nilicheka hadi nikasimamisha gari.

Kisha nikalia kidogo. Nilikumbuka tulivyokubeba kwa machela hadi stesheni, tukakuta treni imeshapita. Ulinishika kidole ukasema, "Usikimbie, mwanangu, utachoka."

Basi nakuahidi hili. Mtu wa Kintinku akizidiwa, mzigo wowote ulio nyuma ya gari langu utashushwa njiani, hata uwe wa mkubwa gani, naye atalazwa pale. Usiku au mchana.

Pumzika kwa amani, Mama. Ningeandika zaidi, lakini baba amekwisha kuvaa koti lake la harusi, ameketi kiti cha mbele, na anauliza kwa nini hatuondoki.

Binti yako,
Ruti