Kura ya Maharagwe, Kutoka Kambini Hadi Garland

Mpendwa Papa,

Unakumbuka kule kwenye kambi ya wakimbizi, ulipokataza watu wa mtaa wetu kuchagua mwenyekiti kwa kunyoosha mikono? Na mwenyekiti ulikuwa wewe mwenyewe! "Mimi ndiye ninayeandika majina ya mgao wa chakula," ulisema. "Nani atathubutu kuninyima mkono?" Ukatundika blanketi, ukaficha chungu nyuma yake, ukagawa maharagwe ya kupigia kura. Ukashindwa vibaya. Mama alinuna siku mbili, wewe ukacheka tu, na kila barua uliyoniandikia huku Teksasi uliitia sahihi "mwenyekiti wa zamani." Nisamehe, Papa, niliona aibu. Nilidhani baba yangu ni mjinga.

Wiki iliyopita tukiwa mezani, mjukuu wako Neema aliniambia kwamba karatasi ya kura, ambayo Wamarekani huiita ballot, imepata jina kwa Waitaliano. Kwao ballotta ni kijipira. Zamani kule Venisi watu walichagua wakuu wao kwa kutumbukiza vijipira chomboni, kwa siri. Mimi hapa Garland nimepiga kura kwa kugusa kioo cha mashine, na jina bado ni lile lile.

"Kumbe babu yako alikuwa Mwitaliano!" nikasema.

"Mom, please," akacheka.

Lakini nikakumbuka uchaguzi wetu. Jumamosi ile umoja wetu wa Wakongo ulikuwa unachagua mwenyekiti, kati yangu, niliyekuwa mwenyekiti, na Mama Furaha, na sisi tulizoea mikono. Nusu ya watu wale hupanda gari langu kwenda kazini ghalani. Nani angethubutu kuninyima mkono?

Basi nikatundika kitenge. Kila mtu akapewa punje mbili, nyeupe yangu, nyekundu ya Mama Furaha. Moja aitie sufuriani, nyingine aiache mfukoni. Wengine walinung'unika, eti nawarudisha kambini. Nikawaambia, "Mimi ni binti wa mtu. Ingieni!"

Tulipomimina sufuria mezani, Papa, wekundu ulijaa. Nilishindwa kwa punje saba. Nikamkumbatia Mama Furaha, nikalia, na wote wakadhani ni uchungu. Ilikuwa fahari tupu! Laiti ungekuwepo.

Jumatatu alfajiri abiria wangu waliingia garini macho chini. Nikawasalimu mmoja mmoja kama kawaida, nikawasha gari. Nani aliweka nyekundu? Sijui, na hawataniambia kamwe.

Binti yako,
mwenyekiti wa zamani