Mwaridi wa Mama na Banda la Bwana Mayai

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa kaka yako. U hali gani huko kwenye baridi? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unakipuuza kama kawaida yako? Sisi kwa neema ya Mungu tu wazima. Kaka yako mgongo unamsumbua kwa kuinamia cherehani, lakini akisikia sahani zinapangwa hunyooka kama rula.

Wifi, kaa vizuri kwenye kiti. Mungu ametushindia jambo kubwa, ila lina mwanzo mchungu, kwa hiyo usianze kulia njiani. Soma mpaka mwisho.

Mwaridi wa Mama umekatwa. Ule ule wa dirishani, kwenye nyumba ya kona tuliyoitunza miaka yote kabla haijauzwa. Tangu tuhame, mwenye nyumba mpya alikuwa ananiruhusu niingie kila Jumamosi, naumwagilia, namletea Mama maua yake. Basi Jumamosi moja nafika, nakuta ua mzima umemwagwa zege, pawe pa kuegesha gari. Hata kisiki sikukiona. Yule bwana alinipa pole kwa adabu, akasema alidhani ni mazoea yangu tu, hakujua kama kuna mtu anautegemea ule mti. Nimlaumu kwa lipi? Nikarudi na ndoo yangu.

Kumdanganya Mama sikuweza. Nilimwambia nikiwa nimemshika mikono. Hakulia, na hapo ndipo nilipoogopa. Unamjua: kila asubuhi lazima atafune petali moja kabla ya sala, eti haendi mbele za Mungu na mdomo wa usingizi. Kesho yake hakutafuna kitu, na hakutoka chumbani kutuongoza sala. Kesho kutwa vile vile. Kaka yako akajaribu kuongoza, akapotea katikati, tukamalizia kwa kukohoa. Nyumba ikawa kama redio iliyozimwa. Mama akawa anadonoa chakula, kisha anageukia ukuta. Nikasema moyoni, mzazi huyu anatuondokea hivi hivi tunamtazama.

Kaka yako akaenda kwa wauza miche, akanunua mwaridi mzuri wenye maua tayari. Mama alitafuna petali moja, akamshukuru mwanawe kwa heshima zote. Alipotoka tu, akaninong'oneza kwamba ile ni karatasi.

Na mbegu ya ule wa zamani tungeitoa wapi? Amri ya Mama si unaikumbuka: tukipogoa, matawi yote yachomwe, lisitoke nje hata moja, asije mtu akajifanya ana mwaridi kama wa Mama. Mimi mpogoaji, wewe mchomaji. Na mara ngapi nilikusema, mbona moto wako hauna moshi?

Sasa sikia. Majuma machache yaliyopita nilikwenda kununua mayai kwa Bwana Mayai, yule jirani tuliyepakana naye ukuta kwa nyuma kule nyumba ya kona. Miaka yote hiyo aliniuzia mlangoni, ndani sijawahi kufika. Siku hiyo mguu ulikuwa unamuuma, akaniambia nipite mwenyewe bandani. Nazunguka nyumba, nakuta banda lote, toka chini mpaka kwenye mabati, limefunikwa na mwaridi. Maua yamejaa, na kuku wanapita chini yake kama mabibi harusi. Nikakaa juu ya gunia la pumba.

Bwana Mayai alidhani nimezidiwa na jua. Nilipomuuliza ule mwaridi kautoa wapi, akacheka.

"Si yule wifi yako? Alikuwa ananirushia matawi ya miiba nizibie matundu, nguchiro wasiingie. Mimi namrushia mayai. Sikupanda kitu, nilichomeka tu."

Wifi. Kumbe yale mayai uliyotuambia kuku wa jirani karuka ukuta kuja kutaga kwetu!

Nililipakata ua moja njia nzima kama mtoto mchanga. Mama sikumwambia kitu, nikamwekea petali kiganjani. Akaitia mdomoni bila hamu. Akatafuna. Akaacha. Akatafuna tena, taratibu, na nikamwona anakaa wima.

"Huu ni wangu," akasema. "Mwizi nani?"

Nikamweleza yote, na wewe sikukuficha, nisamehe. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Akaagiza kiti chake kitolewe sebuleni. Jioni ile aliongoza sala mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kuamsha mtaa. Alimshukuru Mungu kwa kuku, kwa nguchiro, na kwa binti yake mkaidi. Kaka yako aliitikia Amina hata pasipo na Amina.

Siku zilizofuata tukampeleka bandani, akatembea kwa miguu yake. Mimi nakata, yeye anaelekeza kwa fimbo. Kwa mazoea nikamuuliza matawi tukayachomee wapi. Alinitazama kana kwamba akili zimeniruka. Sasa mtaani kwetu kila mlango una kopo lenye tawi, na mgawaji ni yeye, tena anapita kukagua kama yamemwagiliwa.

Nisalimie mumeo na watoto. Mapacha wangu wanakusalimu shangazi yao, na Bwana Mayai anasema nguchiro hajapita mpaka leo. Mungu akulinde utokapo na urudipo, akulete tukuone.

Dirishani kwa Mama liko kopo moja lisiloguswa na mtu. Tawi lake limeshatoa jicho la kijani. Ni lako, uje ulichukue kwa mkono wako. Nilimuuliza Mama nikuandikie nini juu yake, akajibu bila kugeuka:

"Mwambie nimemwagiza alichome."

Wako akupendaye siku zote,
Wifi yako, Mama Mapacha