Upande wa Nne wa Santuri Yako

Kaka Anaeli,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini siwezi kukugombeza kabla sijakuamkia.

Wifi amenipa ile santuri yako ya sahani mbili, uliyoipata kwenye mnada wa mavuno pale kanisani, Mzungu aliyekuwa anarudi kwao alipoitoa sadaka katikati ya mikungu ya ndizi. Hadithi moja ya kijana mwimbaji, magitaa mwanzo hadi mwisho. Siku hizi biashara imefunguliwa, maduka ya Levolosi yamejaa kaseti na redio za kila aina, na hakuna anayetaka sahani. Mimi nimeitaka. Nina shaka nayo tangu zamani, unajua.

Kila Jumapili baada ya ibada nilikaa sebuleni kwako na daftari langu, mwalimu wa Kiingereza anayetaka kuelewa kila neno, nawe unageuza sahani, hutaki mtu aiguse. Nilikuuliza mara ngapi? Upande wa kwanza kijana anaaga nyumbani. Ukigeuza, mama yake anamzika. Sahani ya pili, huyo yuko jukwaani mjini, anaimba! Halafu anaugua, na mwisho kabisa yuko kitandani anamwambia mama kesho ataamka. "Huyu mtunzi alilewa," nikasema. Ukacheka kwa ile besi yako ya kwaya: "Mwalimu, wewe sikiliza tu, usisahihishe."

Juzi nimesoma lebo. Sahani ya kwanza ina upande wa kwanza na wa nne. Ya pili ina wa pili na wa tatu. Fundi redio amenieleza kwamba zilitengenezwa hivyo kwa ajili ya mashine za zamani, zilizokuwa zikiangusha sahani moja juu ya nyingine bila mkono wa mtu: unasikia upande wa kwanza na wa pili, kisha unageuza zote pamoja usikie wa tatu na wa nne. Kumbe tulikuwa tunamzika mtoto wa watu kabla hajaugua! Nikacheka peke yangu. Nikasema tulikosea wote wawili.

Halafu ndani ya jalada nikaona mwandiko wako wa penseli: moja, mbili, tatu, nne, na mishale ya kuonyesha pa kubadilisha sahani. Nikamwuliza wifi. Akasema, "Mbona akiwa peke yake alikuwa anaipiga hivyo? Tangu alipotoka hospitali ile mara ya kwanza."

Tangu hospitali. Kwa hiyo ulijua inapoishia, hadithi ya kijana na yako pia, na bado ukaendelea kunipigia mimi ile inayoishia na kesho ataamka. Na Jumapili ya mwisho ukaniambia, "Ni malaria tu, wiki ijayo nachuma kahawa." Nikaenda zangu Tengeru kusahihisha mitihani. Mimi ninayeshuku kila kitu, hilo nikaliamini. Sikukuaga, Kaka. Nimekukasirikia, na ninalia nikiandika.

Sasa binti yako Neema ananiuliza kama baba yake alijua kwamba anakufa. Wifi anataka niseme hukujua.

Pumzika, Kaka. Nakuahidi nitamwambia ulijua, na kwamba uliogopa kutuona tukilia.

Mdogo wako,
Elinami