Mbegu Hazina Mkia, Dawa Anakunywa Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapasuka, mimi ni fundi wa majokofu, mke wangu ni mwalimu wa chekechea, tuna mwaka wa sita kwenye ndoa bila mtoto na kwetu wote wameshaamua kosa ni la nani, dada yangu mkubwa kila Jumapili anakuja na chupa ya mizizi michungu, anasimama jikoni, "Kunywa wifi, tunataka mtoto," naye anakunywa huku amekunja uso na mimi niko sebuleni najifanya natazama mpira, kumbe miezi minne iliyopita nilipima kwa siri, na daktari, mama mmoja mcheshi, akaniambia mbegu zangu ni chache na nyingi hazina mkia, eti mwilini kuna vimeng'enya vinavyosimamia protini, vingine huzirekebisha, vingine huzivunja zikishamaliza kazi, na mbegu inapokomaa lazima protini za zamani ziondoke ndipo ijengeke vizuri, sasa kipimo cha vinasaba kimeonyesha kwamba kimeng'enya changu kimoja hakifanyi kazi ipasavyo, nikamuuliza, "Kwa hiyo mimi si mwanaume?" akacheka, "Uanaume unao, kilichozembea ni kimeng'enya. Mlete mkeo tupange." Sijamleta. Jumapili iliyopita mke wangu aliitapika ile dawa, akaniomba msamaha, mimi nikamjibu, "Usijali." Nifanyeje?

Fundi wa Baridi

Fundi, pole. Hukujiumba, na hakuna mtu anayechagua vimeng'enya vyake. Hapo niko upande wako.

Lakini hilo "usijali" lako limenikera. Mwenzio anatapika kwa ajili ya ugonjwa usio wake, anakuomba radhi, nawe unampa msamaha kama bwana mkubwa? Ulichokikosa si mkia wa mbegu, ni ulimi.

Mwambie leo. Usitume ujumbe wa simu, na usimzungushe kwa hadithi ya rafiki yako fulani. Mpe cheti cha vipimo akisome mwenyewe. Akinuna, vumilia, ana haki. Dada yako mwambie wewe, kwa mdomo wako, mkeo akisikia, na chupa zake aondoke nazo. Kisha rudini kwa daktari pamoja. Ikipatikana hata mbegu moja nzuri, wataalamu wanaweza kuiingiza kwenye yai. Sikuahidi mtoto, ila mizizi ya dada yako haiwezi kukuoteshea mkia.

Wasomaji, huyu nilimpigia simu nikamwambia haya kabla ya kuyachapa, maana Jumapili ilikuwa inakaribia. Jana akanipigia yeye. Alimwambia mkewe kwenye ngazi za shule, watoto wakiwa wameshaondoka. Mke alisoma cheti mara mbili, akauliza, "Miezi minne?" na siku mbili nzima akawa anamwekea chai mezani, yake anakwenda kunywea jikoni. Dada mtu alipokuja, fundi alimpokea mlangoni, akasema yote. Dada alikaa kitini, akamtazama wifi yake, akairudisha chupa mkobani.

Asubuhi ya tatu mke akamtupia fundi shati lililopigwa pasi.

"Vaa basi, tunachelewa kwa daktari wetu."