Ufa Kwenye Piano ya Baba

Kijiji cha Daudi, Mbulu
14 Juni 2025

Mpendwa Kaka Yoakimu,

Shikamoo. Habari za Ujerumani? Shemeji na mwanenu Lucia hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila Mama anasumbuliwa na magoti, na baridi ya mwezi huu haina huruma. Vitunguu saumu tumeshang'oa.

Nyaya za piano ulizotuma zimefika. Lakini kaka, sina raha. Nakaa, nainuka, narudi tena sebuleni kuitazama ile piano kubwa ya kulala ambayo wamisheni walimwachia marehemu Baba.

Nilipotoa nyaya zote za zamani na kufuta vumbi, rangi ilibanduka kwenye fremu ya chuma. Chini yake nikakuta ufa, mrefu kama kiganja changu. Nawe uliagiza nikaze mpaka sauti ilingane na violini ya Lucia, apige pamoja na kwaya siku Mama akitimiza miaka themanini. Fundi mmoja wa Arusha ameniambia kwa simu kwamba nyaya zote zikikazwa hivyo zinavuta kama tani kumi na nane. Jamani, hizo si Fuso mbili zimejaa! Chuma kikikatika na watu wameizunguka piano je? Nikikataa, utasema mimi Hermani ni mwoga kama kawaida yangu.

Ngoja. Nimetoka kuangalia tena. Ufa uko palepale.

Mwanzoni nilidhani nimeuleta mimi, kwa kulegeza nyaya zote siku moja. Kumbe kando yake kuna mwandiko wa Baba, kwa penseli: "Ishushwe sauti moja. Isikazwe zaidi. 1987."

Kaka, tulivyomcheka mzee wa watu! Tulisema masikio yamemzeeka, piano iko chini, kwaya inanguruma kama madume ya ng'ombe. Hakujitetea hata siku moja. Naona aibu.

Jana asubuhi nilifunga waya mmoja, nikaukaza taratibu nikipima sauti kwa simu, mpaka pale alipoandika. Sikuwa nimemwambia mtu. Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Akaita, "Hapo hapo, Hermani. Usiongeze. Baba yako alikuwa anaishia hapo."

Basi nimeamua, hata ukikasirika. Naifunga kwa kipimo cha Baba. Mwambie Lucia alegeze nyuzi za violini yake, nazo zishuke sauti moja.

Mke wangu Tekla na mjomba Nicodemo wanawasalimu sana. Mungu awashike mkono njiani mpaka mtufikie.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata tukigombana,
Hermani