Pete ya Jua, Mama

Kamwene, Mama.

Nimeolewa! Najua ungesema, "Punguza sauti, majirani watasikia," lakini nitaipunguzaje na furaha imenijaa mpaka kooni? Sasa naishi Mbeya na mwalimu wangu mpenzi, yule uliyemwita "kijana wa mbali." Mama mkwe ananipenda kwa kunichokoza. Jana nilipika ndizi, akacheka: "Jamani, Mhehe wetu ameziponda kama mahindi ya kinuni!"

Kitu kimoja tu kinanichoma. Ulipokuwa mgonjwa ulinishika kidole ukauliza, "Pete yako nitaiona, mwanangu?" Nikasema utaiona. Hukufika mavuno.

Sasa sikia. Mume wangu anasema baada ya miaka michache jua litapatwa, na hesabu zikinyooka, litapatwa huku kwetu. Halitafunikwa lote. Alitundika sahani nyeupe ukutani, akaniwekea kifuniko cha kopo la chai mbele ya jicho. Sahani ikapotea. Akarudi nacho nyuma polepole, kikawa kidogo machoni, na weupe ukajitokeza pande zote, duara zima.

"Mwezi nao hivyo, mpenzi. Kuna nyakati unakuwa mbali nasi zaidi. Ukipita mbele ya jua haulifuniki lote, unabaki ukingo unaowaka."

Mama mkwe akaita kutoka jikoni, "Mwalimu, leta sahani, watu tule!"

Nikalia, Mama. Pete ya moto, na inatokana na umbali! Wewe ndiye uliyeogopa umbali wa Iringa na Mbeya.

Nakumbuka jua lilipofifia nikiwa mdogo. Ulipiga debe mpaka likarudi, kisha ukawafungulia kuku banda, ukawaambia, "Haya, kumekucha tena."

Mume wangu ameniambia tusilitazame kwa macho. Tutazame chini ya mti, maana kila kitundu kati ya majani huangusha sura ya jua ardhini. Basi siku hiyo nitakuja Iringa, hata kwa lori la mbao, nisimame chini ya mti ulio kaburini kwako. Debe nitabeba, nilipige kwa heshima yako. Pete zitashuka juu ya udongo wako, nyingi, zikitikisika kwa upepo, nami nitaweka mkono wangu katikati yake.

Utaiona, Mama. Nilikuambia utaiona.

Pumzika sasa.

Binti yako, mke wa kijana wa mbali