Samaki wa Mzee Reverien Waliokaa Msiba Mwaka Mzima

Mwaka umetimia, Mzee Reverien Ndayisaba, tangu asubuhi ile tulipokukuta hapa Heru Juu umekaa ukingoni mwa bwawa la juu, miguu majini, umeshaondoka. Samaki walikuwa wameizunguka miguu yako, vichwa vikiielekea. Hata tulipokuinua hawakukimbia.

Watu walikucheka kwa kukataa kutia chokaa ya kuongeza madini mabwawani. Maji yetu ya mlimani karibu hayana madini, na perege walioletwa kutoka Kibondo walipinda migongo ndani ya miezi michache. Wewe uliwazalisha wale wachache waliobaki wamenyooka, kisha watoto wao walionyooka, miaka kumi na moja. Ulitufundisha kwamba samaki huvuta madini majini kwa matamvua, chembe kwa chembe, na kwamba nguvu hiyo ya kuvuta hurithiwa.

Ulipokula kichwa cha samaki, ulitoa vijiwe viwili vya masikioni ukavipanga kwenye sahani.

"Hivi vimejengwa na maji," ulisema. "Na milango inayopitisha madini kwao ni jamaa ya milango iliyomo miilini mwenu. Hawa ni ndugu zetu wa zamani sana. Haya, kuleni."

Tulikula kwa shida.

Ulipozikwa, mkeo Rosa aliamuru msiba ukaliwe kama kwao: dume lisikutane na jike hadi siku ya kuganduka, siku ya kuondoa msiba. Beberu alipelekwa Titye bila kuelezwa kosa lake. Jogoo alihamia kwa jirani. Kisha Rosa akaelekeza kidole mabwawani.

"Mama, hata samaki?" aliuliza mwanao Leonidasi.

"Walikula mkononi mwake. Wataomboleza."

Kazi ya kuwatenganisha alipewa mjukuu wako Marselino, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, kwa kuwa ndiye pekee uliyemfundisha kutazama tumbo la samaki akajua dume na jike. Alitazama mmoja mmoja, kwa madaha ya daktari. Majike bwawa la juu, madume la chini.

Likizo iliyofuata, korongo walikuwa wamemaliza madume wote. Majike walibaki tisa, nao walikuwa wanazeeka. Wakifa bila mbegu, miaka yako kumi na moja ingekwisha pamoja nao. Marselino alikuja na ndoo yenye dume la kuazima kutoka Kasulu mjini. Rosa alikuwa amekaa palepale ulipokaa wewe.

"Rudisha ndoo, mume wangu. Mwaka ni mwaka."

"Bibi, watakwisha."

"Basi watakwisha kwa adabu."

Kila saa nne asubuhi, saa yako ya kuwalisha, majike walijipanga kwenye kona yako kabla hajafika mtu, midomo juu. Kisha waligawanyika katikati, kama wanampisha mtu anayeingia majini. Siku moja Marselino alivaa koti lako ili awadanganye. Walizama wote. Hawakuonekana tena mpaka alipolivua, na koti alilirudisha msumarini bila mzaha.

Wiki moja kabla ya kuganduka, maji ya kona yako yalijaa vifaranga vya samaki. Wote wamenyooka. Marselino aliapa kwamba safari hii si yeye, na hakuna aliyemwamini.

Siku ya kuganduka ndipo daftari lako la samaki lilipofunguliwa, maana vitu vya marehemu haviguswi kabla. Leonidasi alisoma ukurasa wa mwisho, uliouandika siku tatu kabla ya kuondoka, ukiwa mzima kabisa:

"Rosa atawatenganisha. Yule mdogo mwenye pezi lililochanika ni dume. Marselino atamwita jike. Msimsahihishe."

Marselino alikaa chini. Rosa ndiye aliyecheka, akajifuta macho kwa kanga.

Unakumbukwa na mkeo Rosa, mwanao Leonidasi, mkweo Ininahazwe, mjukuu wako Marselino ambaye sasa ndiye mwenye daftari, na ndugu wote wa Heru Juu na Gwarama.

Hatutakusahau, Mzee. Saa nne asubuhi kona yako tunaiacha wazi.